Mjane wa Iringa anayepiga picha kona alizojenga mumewe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua la Iringa bado limejificha nyuma ya mlima, na Bibi Severina ameshasimama barabarani, mbele ya jengo moja la maduka karibu na soko. Miguu mitatu ya kamera ameikita kwenye changarawe. Hatua mbili mbele ya kamera amechomeka mti mrefu, na juu ya mti amefunga uzi. Mwisho wa uzi kinaning'inia kipande cha risasi chenye ncha. Ni timazi, kifaa cha fundi mwashi cha kupimia kama ukuta umesimama wima.

Upepo unautikisa uzi. Anaushika kwa vidole viwili mpaka utulie, kisha anauachia taratibu, kama mtu anayemwacha mtoto aliyelala.

Wanawake watatu wanaopeleka mboga sokoni wanasimama na vikapu vyao kichwani.

"Kamwene, mama. Unampiga nani picha? Mbona simwoni mtu?"

"Kamwene. Napiga kona."

"Kona! Kona nayo inapigwa picha?"

Wanacheka, wanaendelea na safari yao. Severina hacheki wala hakasiriki. Anaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, anatoka, anatazama juu, anangoja.

Jua linapochomoza, upande mmoja wa jengo unakuwa mweupe na upande wa pili unabaki mweusi. Katikati yao unatokea mstari mmoja, umenyooka kutoka msingi mpaka chini ya paa. Uzi wa timazi na mstari ule vinakwenda pamoja bila kuachana. Severina anabonyeza mara moja tu.

"Hii aliijenga mwaka arobaini na tisa," anasema huku akizungusha uzi kwenye kijiti chake. "Tazama. Miaka minane, mvua zote hizi, haijasogea hata unywele."

Anayesemwa ni marehemu Liberatus Kalinga, mumewe, fundi mwashi, aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi mjini Mbeya mwezi Mei mwaka 1954.

Severina ana umri wa miaka thelathini na minne. Alizaliwa Kalenga, akasoma kwa masista mpaka darasa la nne, na akaolewa mwaka 1944. Tangu 1948 anafanya kazi katika studio ya picha ya Bwana Velji, mzee wa Kihindi mwenye duka katika mtaa wa soko. Kazi yake ni ya chumba cha giza: kuchanganya dawa, kusafisha filamu, kuziosha picha katika mabeseni na kuzianika. Mshahara wake ni shilingi arobaini na nane kwa mwezi. Vidole vyake vina madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni ya aina yoyote.

Nyuso za watu zaidi ya elfu zimepita mikononi mwake. Maharusi, makarani, wanajeshi waliorudi, watoto wa kipaimara. Uso wa mumewe haumo.

"Siku moja alikuja kunichukua, ametoka kazini," anasimulia. "Bwana Velji akamwambia, fundi, kaa hapa nikupige, sikulipishi. Liberatus akasema, nipigwe na vumbi hivi? Nitakuja Krismasi nimevaa koti. Krismasi ile akawa Mbeya. Na iliyofuata pia, kaburini."

Anapangusa lenzi kwa pindo la kanga, anasita, anaipangusa tena.

"Koti lipo. Nilimpa mdogo wake."

Waliomfahamu Liberatus wanasema alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye ugonjwa mmoja tu: kona. Mafundi wenzake walimtania kwamba akifika peponi atamuuliza Mtakatifu Petro nani alijenga lango.

"Alikuwa akiniambia, mke wangu, ukuta kila mtu anaweza kuuvuta kwa uzi. Fundi utamjua kwenye kona. Kona haikubali uongo," anasema Severina. "Jumapili baada ya misa wanawake wenzangu wananunuliwa kanga. Mimi napelekwa kuonyeshwa kona! Ananishika mkono, anakipitisha kidole changu ukutani. Ananiuliza, unasikia? Nasema, nasikia. Kwanza nilikuwa namdanganya. Baadaye nikawa kweli nasikia."

Mwanzoni mwa mwaka 1953 Liberatus alichukuliwa na kampuni moja ya ujenzi, ambayo gazeti hili halitaitaja jina, akajenge ghala kubwa la nafaka na pareto mjini Mbeya. Ghala lile lilikuwa na kuta mbili za juu zilizochongoka kwa umbo la pembetatu, kila upande moja, ndizo zilizobeba kenchi za paa. Alipewa kazi ya kuzisimamisha. Kila baada ya miezi mitatu alirudi Iringa kuiona familia yake.

Safari ya mwisho aliondoka baada ya Pasaka.

Jumatano moja mwishoni mwa Mei, dereva wa lori alisimama mbele ya studio na kumkabidhi Severina mfuko wa gunia na bahasha. Ndani ya mfuko mlikuwa na shati, viatu, mwiko, pimamaji na timazi. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Severina akampelekea Bwana Velji.

"Aliisoma kimya kwanza. Akavua miwani. Akaniambia, Severina, kaa. Nikasema, niambie nikiwa nimesimama. Akasema, mumeo ameanguka, amekufa, wamemzika Mbeya Jumapili. Halafu akaitazama tena barua. Nikamuuliza, kuna nini tena? Akasema, wameandika kwamba alikuwa amelewa."

Severina anatazama mikono yake.

"Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka sana. Nikasema, basi wamekosea barua. Huyo mlevi si wangu. Wangu yu hai."

Alicheka, anasema, mpaka alipoutoa ule mwiko ndani ya mfuko na kuona mpini wake umefungwa kitambaa alichokishona yeye mwenyewe.

Liberatus hakuwa mnywaji. Baba yake mzazi alikufa ndani ya mfereji, msimu wa ulanzi, Liberatus akiwa na miaka tisa, na ndiye aliyemkuta asubuhi. Tangu siku ile hakuonja ulanzi wala pombe nyingine. Katika harusi za ukoo alikunywa maji, watu wakamsema kwamba anajiona mzungu.

Lakini barua ilikuwa na muhuri. Na chini yake palikuwa na alama za dole gumba za mashahidi wawili.

Aliyeumia kuliko wote ni mama yake Liberatus, Bibi Tekla, aliyekuwa akiishi Kalenga. Alipoambiwa, alisema neno moja tu: "Mwanangu amemfuata baba yake." Tangu Jumapili iliyofuata aliacha kukaa benchi la mbele kanisani, mahali alipokaa miaka ishirini. Akahamia la mwisho, karibu na mlango. Ibada ikiisha, yeye ndiye wa kwanza kutoka, asikutane na macho ya watu.

Juliana, mtoto pekee wa Severina, alikuwa na miaka minane. Shuleni watoto walimfuata nyuma wakipepesuka kama walevi.

"Watu walidhani nalilia fidia, kwa sababu kampuni ilisema mlevi hana fidia," anasema Severina. "Ningelipwa au nisilipwe, mtu wangu hayupo. Nilitaka lile neno lifutwe. Neno moja tu."

Septemba 1955 alikwenda Mbeya kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nauli ya kwenda na kurudi ilimeza karibu mshahara wa mwezi mzima. Bwana Velji alimwazima kamera ndogo ya sanduku yenye filamu ya picha nane, ampigie mama mkwe wake picha ya kaburi.

Alipiga picha nne za kaburi. Ya tano iliharibika. Zikabaki tatu, akauliza njia ya kwenda kwenye ghala.

"Nilitaka kuona mahali," anasema. "Nilisimama ubavuni, upande wa barabara, nikaona ule ukuta wake wa pembetatu na nyuma yake mlima Loleza. Mlima nao umechongoka vilevile. Nikawaza, alikuwa anauona huu kila siku akiwa juu. Nikapiga zote tatu."

Siku nne baadaye, akiwa chumba cha giza, Iringa, picha ya ghala ilianza kujitokeza katika beseni. Kona ya ukuta ilikuwa imelala.

Bwana Velji alipoiona alimkaripia. "Umeinamisha kamera! Miaka yote hii hujajifunza?"

Severina aliitazama tena. Anaeleza jambo hili kwa utulivu wa mwalimu. Ukiiinua kamera kutazama juu, anasema, pande zote mbili za jengo huegemeana, kama watu wawili wanaonong'onezana. Katika picha ile ulioinama ni upande mmoja tu. Mlango ulikuwa umesimama. Nguzo ya simu iliyokuwa pembeni ilikuwa imesimama. Ukuta wa juu peke yake ndio ulioegemea nje, kuelekea pale lilipokuwa jukwaa.

"Nikamwambia, Bwana Velji, kamera haikuinama. Ukuta ndio ulioinama. Akachukua rula, akapima, akapima tena. Akakaa chini."

Mzee Velji, ambaye ameshapita miaka sitini na miwili, anakumbuka siku hiyo vizuri. "Mimi nilidhani nimemfundisha yeye," anasema. "Yeye aliona kitu mimi sikuona. Nilimwambia, mama, hii haitoshi. Watasema kamera mbovu. Peleka kitu ambacho hakiwezi kusema uongo."

Ndipo Severina alipokumbuka timazi.

Juni mwaka jana alirudi Mbeya, safari hii na kamera kubwa ya studio na miguu yake. Baridi ilikuwa kali hata umande ukaganda kwenye majani. Alisimama kando ya barabara ya serikali, mahali ambapo mlinzi wa ghala hakuwa na haki ya kumfukuza, akauning'iniza uzi mbele ya lenzi. Alikaa pale tangu alfajiri mpaka saa tatu, upepo ulipotulia.

Mwandishi wa habari hizi ameiona picha hiyo. Haihitaji maelezo. Chini kabisa uzi na kona vimegusana. Kadiri macho yanavyopanda vinaachana, na juu penye ncha ya ukuta kuna nafasi ya kutosha vidole vitatu. Ni umbo jembamba la pembetatu, la mwanga mtupu, kati ya uzi wa marehemu na ukuta wake.

"Nilipouona ule mwanya nililia," anasema Severina. "Mtu aliyekuwa anatengua tofali kwa sababu ya unene wa kucha! Huyo asimamishe ukuta wa namna ile? Nikajua umesogea. Na kama umesogea, yeye aliona kabla yetu sote."

Bwana Velji aliandika barua kwa Kiingereza safi, akaambatanisha picha, wakaituma kwa kampuni. Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Mistari miwili. Shauri lilikwisha kufungwa, na picha si ushahidi.

Lakini barua ile ilikuwa imepita mikononi mwa mtu. Karani aliyefungua bahasha, kijana wa Tukuyu anayeitwa Yotamu, aliiona picha kabla ya kuipeleka kwa mkubwa wake. Jioni aliikuta ndani ya kapu la taka.

"Mimi sikumjua marehemu," Yotamu alimwambia mwandishi huyu. "Niliandikwa kazi baada yake. Ila nilipoona ule uzi nikasema, hapa kuna mtu anauliza swali na hakuna anayemjibu. Nikaichukua, nikawapelekea mafundi wa zamani. Fundi Kasian alipoiona, hakumaliza chakula chake."

Kasian alikuwa fundi mwenzake Liberatus kwa miaka sita. Alikula ugali wa Severina mara nyingi. Lilikuwa dole gumba lake, moja ya yale mawili, chini ya ile barua.

Jumapili moja ya Oktoba mwaka jana, Severina akiwa nyumbani kwake Iringa, alisikia hodi. Akamkuta Kasian mlangoni na kofia mkononi.

"Karibu, shemeji. Kaa."

"Sikai, shemeji. Nikikaa sitasema."

Akasema akiwa amesimama. Kwamba masika ya mwaka ule msingi wa upande mmoja ulititia. Kwamba Liberatus aliweka timazi Jumatatu, akaweka tena Jumanne, akaenda kwa msimamizi na kumwambia ukuta unatembea, uvunjwe mpaka chini. Msimamizi, Mzungu ambaye sasa ameshaondoka Tanganyika, alijibu kwamba wakaguzi wanakuja Jumamosi, ncha ya ukuta ikamilike kabla ya hapo. Asiyetaka kupanda achukue chake aondoke, na kikosi chake chote cha watu kumi na mmoja kimfuate.

"Miti ya jukwaa ilikuwa imechomekwa ndani ya ukuta," Kasian alisema. "Ukuta ukisogea, miti inalegea. Sote tulijua."

"Basi kwa nini alipanda?" Severina aliuliza.

"Zamu ilikuwa yangu, shemeji. Siku ile zamu ya kupanda ilikuwa yangu. Mke wangu alikuwa mjamzito, siku zake zimefika. Liberatus akanishika bega, akaniambia, wewe baki chini unichanganyie udongo. Akapanda."

"Na pombe?"

"Hapakuwa na pombe. Msimamizi alituita mimi na mwenzangu, akasema, kosa lazima liwe la mtu. Likiwa la msingi, ninyi mafundi mliojenga msingi mtafungwa. Likiwa la marehemu, yeye haumii tena. Nikaweka dole, shemeji. Nikaweka."

Severina anasema hakupiga kelele wala kumtukana. Alichukua jembe, akatoka nje.

"Ilikuwa Jumapili, sisi Jumapili hatulimi. Nilikwenda kwenye kile kibustani changu cha nyuma, nikapalilia mahindi ya kumwagilia. Nilipalilia magugu, yakaisha, nikapalilia na mahindi yenyewe. Niliporudi ndani nimemaliza tuta zima. Yeye bado amesimama palepale."

Akamwambia: "Maneno haya ungeyaleta kwa mama mkwe wangu."

"Nitakwenda kwake sasa hivi."

"Umechelewa. Tulimzika Agosti."

Bibi Tekla alifariki dunia tarehe 9 Agosti 1956, wiki tisa kabla ya siku hiyo. Mpaka mwisho alikaa benchi la nyuma.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Kasian alisimama nje ya kanisa la Kalenga, mbele ya ukoo wa Kalinga na waumini waliobaki, akasema yote. Wazee watatu walioshuhudia wanakumbuka kila neno lake. Kisha mdogo wake Liberatus, yule aliyerithi koti, akalivua na kuliweka mikononi mwa Severina mbele ya watu.

Walipotawanyika, Severina alimwongoza Kasian mpaka kwenye kaburi la Bibi Tekla. Udongo ulikuwa bado haujashuka. Kasian akapiga magoti, akaanza kusema kwa sauti ya chini.

"Sema kwa nguvu," Severina akamwambia. "Alikuwa hasikii vizuri."

Kasian akasema kwa nguvu. Akayarudia yote, tangu Jumatatu ya timazi mpaka dole gumba, akipaza sauti juu ya udongo, wakati Juliana ameushika mkono wa mama yake.

Kampuni haijafuta neno lake. Mwandishi huyu alipofika ofisini kwao Mbeya aliambiwa kwamba hakuna mtumishi anayelikumbuka shauri hilo. Hata hivyo, kwenye ghala, ukuta ule wa juu sasa umeegemezwa kwa nguzo mbili nene za matofali, zilizojengwa kwa mteremko kutoka ardhini. Matofali yake ni mapya, mekundu kuliko mengine. Mlinzi alisema zilijengwa mwishoni mwa mwaka jana, naye hajui kwa nini.

Severina amezipiga picha nazo.

"Wamekiri kwa matofali," anasema. "Kwa mdomo wameshindwa."

Kasian aliacha kazi pale. Sasa anafyatua tofali nje kidogo ya mji wa Mbeya, na mtoto aliyezaliwa wiki ile ana miaka mitatu. Ni wa kiume. Amepewa jina la Liberatus.

"Namwita jina lile kila siku," Kasian alisema. "Njoo ule. Njoo uoge. Usiguse moto. Kuna siku nashindwa kulitamka."

Aliulizwa kama Severina amemsamehe. Akasema hajui, hajathubutu kuuliza. Severina alipoulizwa swali hilohilo, alijibu kwamba kila safari ya Mbeya hufikia kwa mke wa Kasian, na analala huko.

Ni Kasian aliyemtajia majengo ambayo Liberatus aliyashika kwa mkono wake pande za Iringa na Mbeya. Ni ishirini na moja, bila lile ghala. Mawili ni mabanda ya kukaushia tumbaku, moja daraja la mawe, mengine ni maduka, shule, nyumba za watumishi wa serikali. Severina ameshapiga ishirini. Ya karibu huyaendea kabla ya kufungua studio au Jumapili baada ya misa, ya mbali siku za likizo, na hupiga kona moja tu kwa kila jengo, akiuweka uzi kando yake. Kona zote ishirini zimesimama wima.

Hazitundiki ukutani. Anaziweka ndani ya bati la biskuti, kila moja imeandikwa mwaka nyuma yake.

Siku hizi jicho lake haliishii kwenye kazi za mumewe. Amepiga nguzo za udongo za Isimila, zilizochongwa na mvua zikasimama kama minara isiyo na fundi. Amepiga matuta ya Wasafwa juu ya Mbeya, yanayokatana mlimani kama mshono. Amepiga mabati ya soko la Iringa mchana wa saa sita, paa juu ya paa. Picha hizi hazina watu, na anayezitazama kwa muda huanza kuhisi kwamba kuna mtu ametoka tu punde.

"Naziona sasa," anasema. "Zamani nilikuwa napita tu. Ni yeye aliyenipa macho haya, na hayupo nimwambie nimeona."

Bwana Velji ameweka moja ya picha hizo kwenye dirisha la studio, kati ya bwana harusi na mtoto wa kipaimara. Wateja wengi huuliza kama imewekwa kwa makosa. Lakini mwaka huu mafundi wanne kwa nyakati tofauti wamekuja kumwomba Severina aende na uzi wake kupiga kuta wanazoamriwa kuzipanda na wao wanaziogopa. Watatu kati yao kuta zao zilivunjwa na kujengwa upya. Hakuwatoza kitu zaidi ya bei ya filamu.

Jengo la ishirini na moja liko Chunya. Ni zahanati ndogo aliyoijenga Liberatus mwaka 1947, kwenye barabara ya vumbi inayoelekea machimbo ya dhahabu. Ilikuwa kazi yake ya kwanza akiwa fundi mkuu, na Juliana alikuwa mtoto wa mwaka mmoja. Severina hajafika huko.

Shule zitakapofungwa atakwenda, na safari hii atamchukua Juliana, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja na uso wa baba yake umeanza kumpotea, ila kikohozi chake cha asubuhi bado anakikumbuka. Watalala Mbeya kwa mke wa Kasian, kisha watapanda lori la kwenda Chunya.

Aliulizwa atamweleza nini mtoto wakifika pale.

"Nitamwonyesha kona ni ipi, basi. Apitishe kidole mwenyewe. Mimi nitakwenda kusimama mbali, na kamera nitaiacha ndani ya mfuko. Yule na baba yake wana maneno yao."